Kimbunga Kikiwa Mbali: Mwongozo wa Safari ya Mawimbi Hadi Hatteras

Kimbunga kinachomfaa mtu wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi ni kile kisichofika pwani. Kinazunguka huko Atlantiki, kinasukuma maji siku mbili tatu, kinapita kati ya Bermuda na Marekani, halafu kinapinda kaskazini na kwenda zake. Wewe uliyeko ufukweni unaona jua, upepo mwepesi, na mawimbi yanaingia kwa mpangilio ambao siku nyingine zote za mwaka huupati. Siku za namna hiyo ni chache. Anayezipata ni yule aliyejipanga kabla kimbunga hakijapewa jina, na anayerudi nazo salama ni yule anayejua kutofautisha kufuata mawimbi na kufuata kimbunga.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko mashariki mwa Marekani, wale wa Durham, Raleigh, Richmond na viunga vya Washington, wenye gari moja linalotembea vizuri na marafiki wawili watatu wanaoipenda bahari. Mahali penyewe ni Outer Banks, msururu wa visiwa vyembamba vya mchanga vya North Carolina, na hasa kisiwa cha Hatteras. Wengi wetu tumekulia Bamburi, Kigamboni au Jambiani, tukajihesabu kuwa bahari tunaijua. Tunaijua, ila ile ya kwetu ina mwamba unaoyapasua mawimbi mbali kabla hayajagusa ufuko, tena iko karibu sana na ikweta, kiasi kwamba kimbunga kama Hidaya, kilichoingia Mafia Mei 2024, ni jambo la nadra. Hatteras haina mwamba wa kumkinga mtu. Ni mchanga mtupu uliochomoza katikati ya bahari kuu, na ujuzi wa kuogelea ndani ya maji tulivu hautoshi pale.

Namba ya kuitazama kwanza

Vimbunga vingi vikubwa vya Atlantiki vina asili ya Afrika. Mawimbi ya hewa huanzia upande wa milima ya Sudan na Ethiopia, yakavuka Sahel pamoja na ngurumo zake, yakatokea baharini kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Mengi hufia njiani. Machache hukutana na maji ya moto na anga iliyotulia, yakaanza kujizungusha. Shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, linakadiria kwamba karibu asilimia 85 ya vimbunga vikubwa vya bahari hiyo huzaliwa hivyo. Msimu rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Kama unaomba ruhusa kazini, omba wiki mbili kabla ya tarehe hiyo au wiki tatu baada yake.

Sasa namba. Kila taarifa ya bahari itakupa kimo cha mawimbi, na macho ya wengi huishia hapo. Wewe tafuta sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Mawimbi ya upepo wa jirani hupishana kwa sekunde sita au saba. Ya kimbunga cha mbali hupishana kwa 12, 14, hata 16. Zidisha sekunde hizo kwa moja na nusu, utapata mwendo wa kundi la mawimbi kwa maili za baharini kwa saa. Sekunde 14 ni maili 21 za baharini, karibu kilomita 39 kwa saa, kasi ambayo kimbunga chenyewe mara nyingi hakiifikii kikiwa katika maji ya joto. Kikiwa kilomita 1,500 kutoka Hatteras, mawimbi yake ya aina hiyo yatafika baada ya saa 39 hivi. Hapo unaijua saa ya kuwasha gari.

Sekunde ni nguvu pia. Wimbi la sekunde 14 lina karibu mita 300 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na huanza kugusa chini likiwa bado kwenye kina cha mita 150. Sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Marekani ina eneo pana la kina kifupi linaloyachosha mawimbi kabla hayajafika. Hatteras imechomoza, maji marefu yako karibu, kwa hiyo wimbi linafika na nguvu zake. Futi tano za sekunde 14 zitakubeba na kukuzamisha kwa namna ambayo futi tano za sekunde saba haziwezi.

Lakini msitamani namba kubwa tu. Kwenye ufuko ulionyooka, mawimbi ya sekunde 16 yanayokuja uso kwa uso huanguka yote kwa mara moja, ukuta mzima kutoka kushoto hadi kulia, na hakuna upande wa kukimbilia. Siku ninazozipenda mimi ni za sekunde 10 hadi 13, mawimbi yakija kwa pembe, na mabaki ya upepo wa jana yakiyakata vipande vipande ili kila mmoja apate chake.

Ramani itakayosambazwa na kila mtu kwenye simu ni ile ya koni, inayotolewa na kituo cha taifa cha vimbunga kilichoko Miami. Koni inaonyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita, na kitovu hubaki ndani yake takriban mara mbili kati ya tatu. Haisemi kimbunga kina upana gani, wala haisemi lolote juu ya mawimbi. Ndiyo maana mtu huona mji wake uko nje ya koni akaingia majini bila wasiwasi. Agosti 2025 kimbunga Erin kilipita mbali baharini bila kugusa nchi kavu ya Marekani. Hata hivyo bahari ilivuka barabara ya Hatteras, watu wa kisiwa wakaamriwa kuondoka, na kusini zaidi, Wrightsville Beach, makumi ya watu waliokolewa kwenye mikondo kwa siku moja. Agosti 2009 kimbunga Bill nacho kilikuwa mbali. Wimbi lake liliwafagia watu waliokuwa wamesimama kwenye miamba ya hifadhi ya Acadia, jimbo la Maine, wakitazama tu. Mtoto wa miaka saba alikufa. Hakuwa na ubao wala hakuingia majini.

Taarifa za Miami hutoka kila baada ya saa sita: saa kumi na moja alfajiri, saa tano asubuhi, saa kumi na moja jioni na saa tano usiku. Mmoja wenu apewe kazi ya kuzisoma zote, neno kwa neno, hasa sehemu ya maelezo ya mtabiri, kwa sababu humo ndimo anamokiri ana uhakika kiasi gani. Halafu aangalie maboya. Boya namba 41001 liko mbali mashariki ya Hatteras. Likianza kuonyesha sekunde 14, mawimbi yako njiani. Boya 41025 liko Diamond Shoals, mlangoni kabisa. Utabiri ni makisio ya kompyuta, boya limeinuliwa na maji yenyewe.

Mwisho ni upepo, nao ndio unaoharibu safari nyingi kuliko ukosefu wa mawimbi. Kuanzia mji wa Nags Head hadi kijiji cha Rodanthe pwani inatazama mashariki, kwa hiyo unataka umande, upepo utokao nchi kavu, wa magharibi. Ukishapita rasi ya Buxton kuelekea Frisco, pwani inageuka kutazama kusini, na upepo wa kaskazini unaovuruga kila kitu kule juu ndio unaoyanyoosha mawimbi huku. Hii ndiyo faida kubwa ya kulala Buxton: kutoka upande mmoja hadi mwingine ni dakika chache kwa gari. Kimbunga kikishapita sambamba na pwani na kuanza kupanda, upepo mara nyingi hugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi, na saa chache zinazofuata, mawimbi yakiwa bado makubwa na uso wa maji umelainika, ndizo watu wanazozisafiria.

Mnaokwenda

Watu wanne, gari moja. Mkizidi hapo kila uamuzi unageuka mkutano.

Kabla ya kuchanga pesa, semezaneni ukweli juu ya uwezo. Ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao asianzie kwenye maji ya kimbunga, hata akiwa mwogeleaji hodari. Aanzie Juni au Julai, Virginia Beach au Wrightsville Beach, siku ya mawimbi ya kiunoni, na mwalimu. Kwa safari hii mimi naweka kipimo: mtu aweze kuogelea mita 400 baharini bila kusimama, ajue kuuzamisha ubao chini ya wimbi au kuukumbatia akageuka nao, na awe amewahi kubaki chini ya maji kwa muda mrefu kuliko alivyotaka bila kupoteza akili. Asiyekitimiza kipimo anaweza kuja. Ataingia siku ya mwisho, mawimbi yakiwa yanafifia, na siku hiyo mara nyingi ndiyo tamu kuliko zote.

Mkubaliane jambo moja mkiwa bado mezani, kabla damu haijachemka: neno la anayekataa ndilo linalopita. Mmoja akisema leo hapana, hamjadili, hamumtanii, hamuulizi sababu. Ukiacha kanuni hii hadi ufukweni, yule mwenye mashaka atanyamaza asionekane mwoga, ataingia kwa ajili yenu, na ndiye mtakayekuja kumtafuta. Nimeona kaka mmoja mkubwa, mtu wa Lamu aliyekulia ndani ya mashua, akitazama maji ya Rodanthe dakika tano, akarudi garini, akafunga mlango. Vijana wote walimfuata bila neno. Heshima ya namna hiyo ndiyo inayolifanya kundi lisafiri pamoja miaka mingi.

Pesa azishike mtu mmoja na aandike kila senti. Mchango uhusishe usiku mmoja wa ziada, maana mtakwama au mtataka kubaki. Noti ziwepo mfukoni: umeme ukikatika kisiwani, mashine za kadi hazisomi. Chakula kipikwe nyumbani. Chapati zilizokunjwa na mayai, sambusa za nyama, chupa mbili za chai ya tangawizi. Mtu aliyetoka kwenye maji baada ya saa tatu hali kistaarabu, na maduka yakihofia kimbunga hufunga bila taarifa. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Ubao uwe mrefu kidogo kuliko ule mnaoutumia siku za kawaida, ili muwahi kulishika wimbi linalokimbia. Kila mtu awe na kamba ya mguuni mpya au iliyokaguliwa kidole kwa kidole, na za akiba mbili kwenye gari. Kamba huanza kuchakaa pale inapoungana na kifungo cha mguuni. Ikunje hapo, ukiona ufa mweupe, itupe. Septemba maji bado ni vuguvugu, fulana ya kuzuia jua na kaptula vinatosha. Oktoba beba nguo ya mpira, hasa kaskazini ya rasi, maana mkondo wa joto wa Ghuba unakwepa upande huo.

Barabara yenyewe

Kutoka Raleigh mnafuata US 64 moja kwa moja mashariki, mwendo wa saa tatu na kitu. Sehemu ya mwisho inapita kwenye hifadhi ya Alligator River, na usiku dubu weusi huvuka. Dereva apunguze mwendo hata kama barabara ni tupu. Kutoka Washington ni saa tano mambo yakienda vizuri, na hayaendi vizuri Ijumaa jioni kwenye handaki la Hampton Roads. Ondokeni saa nne usiku, mkafike alfajiri. Wawili waendeshe kwa zamu na wawili walale kweli, simu zimezimwa, kwa sababu uchovu wa barabarani utawadai majini.

Ugumu unaanza baada ya Nags Head, kwenye barabara ya NC 12. Jazeni tangi hapo kabla hamjaendelea. Mtavuka mlango wa bahari wa Oregon, uliofunguliwa na kimbunga mwaka 1846, kwa daraja la Marc Basnight, la mwaka 2019, karibu kilomita 4.5. Ukiwa juu yake unaiona hali yote: bahari kushoto, ghuba kulia, na mbele yako kipande cha mchanga chembamba kuliko unavyotaka kiwe. Hicho ni Pea Island. Agosti 2011 kimbunga Irene kilikikata na kupitisha bahari juu ya barabara. Daraja lililojengwa mahali hapo linaitwa Captain Richard Etheridge, na ningependa kila Mwafrika anayelivuka amjue mwenye jina hilo.

Etheridge alizaliwa utumwani kisiwani Roanoke, akapigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1880 akawekwa kuwa mkuu wa kituo cha uokoaji cha Pea Island. Mtu mweusi wa kwanza kuongoza kituo cha namna hiyo nchini humo, na watu wake wote walikuwa weusi. Oktoba 11, 1896, katikati ya kimbunga, merikebu E.S. Newman ilikwama kusini ya kituo. Bahari ilikuwa imefunika ufuko, mashua haikushushika, na hapakuwa na nchi kavu ya kuchomekea nguzo ya kamba. Etheridge aliwafunga watu wawili pamoja kwa kamba, wakaogelea hadi merikebuni, wakarudi na mtoto wa nahodha. Wakapokezana, wawili wawili, hadi watu wote tisa walipokuwa salama. Medali ya dhahabu ya kazi ile ilitolewa mwaka 1996, miaka mia moja baadaye, waokoaji wenyewe wakiwa wamekwisha kufa. Jiko la kituo chao limehifadhiwa mjini Manteo kama makumbusho madogo. Mkiwa na nafasi wakati wa kurudi, pitieni.

Baada ya daraja la Etheridge mnaingia daraja jingine refu, la mwaka 2022, linalozunguka upande wa ghuba na kuwashusha Rodanthe. Lilijengwa kwa sababu barabara ya zamani ilikuwa ikizolewa kila mara. Hata hivyo kuna vipande kati ya Pea Island na Buxton ambavyo bahari bado huvipanda, na jambo hili huwashangaza wageni: hutokea siku ya jua, kimbunga kikiwa mbali mamia ya maili. Maji yakijaa, mawimbi ya sekunde nyingi hupenya kati ya matuta na kumwagika juu ya lami. Kwanza unaona mchanga umetanda barabarani. Halafu unaona utepe wa mapovu unaosogea. Mbele kidogo kuna gari dogo limezima katikati, milango wazi, maji ya chumvi yamefika chini ya viti, na mwenyewe amesimama kwenye tuta anapiga simu. Msiliendee kwa kudhani lenu ni refu zaidi. Geuzeni, subirini maji yapwe.

Sisi watu wa pwani tunajua bamvua. Itumieni elimu hiyo. Kimbunga kikikutana na mwezi mpevu au mwandamo, hesabuni kwamba NC 12 itafunikwa kila maji yanapojaa, na mpange kuvuka saa mbili kabla au baada ya maji kupwa kabisa. Idara ya barabara ya jimbo hutoa hali ya NC 12 kila siku. Msomaji wenu wa Miami aisome na hiyo.

Amri ya kuondoka ikitolewa, ondokeni siku hiyo hiyo. Wageni ndio huondolewa kwanza, na barabara ikishafungwa hakuna anayeruhusiwa kurudi kisiwani isipokuwa wenye vibali. Anayebaki kwa ajili ya mawimbi anamwekea mzigo mwokoaji mwenye familia yake. Kama amri imetoka kabla hamjaondoka nyumbani, laleni. Siku mbili baada ya kimbunga kupita mara nyingi bado kuna mawimbi ya kutosha Nags Head au Virginia Beach.

Pa kuingilia

Nags Head ni pa kuanzia kwa kundi lisilopajua mahali. Gati la Jennette's, la zege, lenye futi 1,000, linakuwezesha kusimama juu ya mawimbi na kuyatazama kwa pembeni. Kimo chake utakiona kwa usahihi kuliko ukiwa mchangani. Msiteleze karibu na gati lolote. Sheria inakataza, na nguzo zake zina makombe makali.

Rodanthe ina mahali panapoitwa S-Turns, pengine maarufu kuliko pote pwani hii. Lami ya zamani imeondolewa, kwa hiyo mnaegesha kijijini na kutembea. Vaeni viatu. Tangu 2020, Rodanthe na Buxton nyumba zaidi ya 20 za ufukweni zimeanguka baharini, na misumari, mbao na mabomba ya maji machafu hubaki mchangani na majini kwa wiki nyingi. Kama nyumba imeanguka siku za karibuni, tafuteni pengine.

Buxton kuna mawimbi ya miaka mingi mbele ya mahali uliposimama mnara wa taa wa mwaka 1870, ule wenye mistari myeusi na myeupe. Bahari iliukaribia mno hata mwaka 1999 ukasogezwa mzima mzima karibu mita 880. Vizuizi vilivyojengwa kuulinda vimebaki, na mchanga hujikusanya kando yake kwa namna inayolipa wimbi umbo. Vina vyuma vilivyooza. Jua vilipo kabla maji hayajavifunika.

Mafungu ya mchanga huhama kila dhoruba, kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia pazuri ni nyumba fulani ya bluu. Tazama mwenyewe.

Kutazama, halafu kuingia

Simameni juu ya tuta nusu saa. Sisemi dakika tano. Mawimbi ya kimbunga cha mbali huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu panaweza kupita robo saa ya utulivu kamili. Huo utulivu ndio unaowaponza watu: wanafika, wanaona maji yamelala, wanaingia mbio, na fungu linawakuta nusu ya njia. Hesabuni mawimbi makubwa ya fungu moja ni mangapi, yanapasukia wapi, na baada yake maji yanarudi baharini kwa njia ipi. Njia hiyo utaiona: maji yake yana rangi ya mchanga, hayana mapovu, na mawimbi hayapasuki juu yake wakati pande zote mbili yanapasuka.

Mkondo huo wa maji ni barabara ya kwenda nje kwa anayeujua na ni mtego kwa asiyeujua. Ukikubeba bila kutaka, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Bakia juu ya ubao, piga makasia ya mikono sambamba na ufuko mpaka uone mawimbi yanapasuka tena, kisha rudi na mapovu yake. Ukichoka, kaa juu ya ubao na inua mkono. Ubao usiuache hata kama kamba imekatika na unaweza kuufikia. Ndilo boya lako. Mapema Septemba waokoaji wa fukwe za hifadhi huwa wamekwisha maliza msimu, na ufuko mrefu unaweza kukosa mlinzi kabisa. Ninyi wanne ndio walinzi. Watatu ndani, mmoja juu ya tuta na simu yenye chaji, mbadilishane kila baada ya saa moja. Penye bendera nyekundu, muulizeni mlinzi kwanza inawahusu vipi watu wa mbao. Kila mji una kanuni zake.

Kuna mkondo mwingine unaokwenda sambamba na ufuko. Chagueni kitu ufukweni, paa jekundu au ngazi, na kila baada ya wimbi kitazameni. Siku ya kimbunga mtaingilia mbele ya nyumba moja na kutokea kilomita moja chini. Ingieni upande mkondo unakotoka, ukishawapitisha tokeni, tembeeni, rudini. Kutembea kunapumzisha kuliko kupigana.

Ukiangushwa, funika kichwa kwa mikono yote miwili, jikunje, legea. Wimbi litakushika kwa sekunde ambazo zitaonekana nyingi. Hesabu kimoyomoyo, namba hufukuza hofu. Ukitoka juu, mkono ulionyoshwa ukitangulie kichwa, maana ubao unaweza kuwa unashuka. Radi ikisikika, hata kwa mbali, wote nje.

Na watu mtakaowakuta majini wasalimieni. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapopasukia ndiye mwenye wimbi, msimwingilie. Mgeni anayekaa pembeni, akaacha mawimbi mawili matatu yampite, hupewa la nne na wenyeji.

Kurudi

Tokeni majini mkiwa bado na nguvu ya kubeba mbao bila kuziburuta. Dereva wa kwanza atoke saa moja kabla ya wengine, ale, alale kidogo. Angalieni tena saa za maji kabla hamjaacha Buxton, kwa sababu Pea Island inawasubiri njiani, na maji yaliyokuwa yamekupwa asubuhi yatakuwa yanajaa mchana.

Mkifika Nags Head tafuteni pa kuoshea gari panapopiga maji kutoka chini, mkaondoe chumvi kwenye breki na bomba la moshi siku hiyo hiyo. Mbao zioshwe kwa maji baridi, zisiachwe juani ndani ya gari. Nta itayeyuka na kuingia kwenye viti. Aliyekatwa na kombe au msumari asafishwe kidonda kwa sabuni na aulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda. Mwenye mfuko asome hesabu kabla hamjaagana, kila mtu aone risiti, na kilichobaki kiwekwe kwa mafuta ya safari nyingine.